Stuli Tupu Katikati ya Spika

Kama umenijua juzijuzi tu, utadhani hii sauti yangu ya kukwaruza ni mafua, au ni vumbi la vitambaa, maana mimi ni fundi wa nguo hapa sokoni Kalamba. Si mafua. Wala si vumbi. Niliwahi kuwa na sauti mimi, sauti ambayo watu walisimama njiani na mizigo yao kichwani kuisikiliza. Na siku niliyoipoteza nilikuwa nimeketi kwenye kiti ndani ya duka mjini Wote, mchana kweupe, jua la kupasua mawe, na mhubiri wa stendi anapiga kelele huko nje. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba niliota. Mtu anayetoka jasho vile haoti.

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nikueleze. Nimeshachekwa na watu wenye akili kuliko wewe, na wengine wao siku hizi wakipita kwangu hawataki hata redio iwashwe.

Dada yangu aliitwa Mwikali. Yeye ndiye mkubwa, nami ndiye niliyemfuata, na mama yetu hakuwa na wengine. Mwikali ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa letu. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na kila akitamka neno lenye "s" kulitoka kijimluzi kidogo, kidogo sana, ambacho ungekisikia tu kama umesimama karibu naye. Mimi nilisimama karibu naye miaka yote.

Kulikuwa na wimbo mmoja aliotunga mwenyewe, wimbo wa kuita majina. Mwikali anaita, "Kalekye!" Kalekye anaitikia, "Niko!" Kisha kwaya nzima inaingia kwa kiitikio. Halafu anaita mwingine, na mwingine, mpaka amemaliza safu. Hakuwa na mpangilio, hujui ataita nani, kwa hiyo unasimama ukiwa tayari kama mkimbiaji. Ukichelewa kuitikia, ole wako! Mazoezini ulitolewa mbele ukaimba peke yako, na wenzako wakakucheka mpaka Jumapili nyingine. Mimi sikuwahi kuchelewa hata mara moja. Hata ningekuwa na tonge la muthokoi mdomoni, ningeitikia. Shika hilo, utalihitaji mbele.

Shika na hili pia. Kila mtoto aliyelelewa huku kwetu huambiwa kwamba ukisikia unaitwa jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Ngoja. Mtu aliye hai ataita tena, na tena, mpaka akasirike akutukane. Aliyekufa huita mara moja tu, halafu anangoja aone kama utajibu. Mama yetu alikuwa mtu wa kanisa kabisa, hataki kusikia habari za mizimu nyumbani kwake, lakini hilo la kutojibu alitufundisha kabla hatujajua kusali. Ukimuuliza vipi mambo hayo mawili yanakaa nyumba moja, alikwambia uende ukachote maji.

Basi, Pasaka moja kijana wa kanisa alileta redio kaseti akaiweka juu ya meza ya mbele, kwaya ikarekodiwa ikiimba wimbo ule. Mimi sikuwako. Nilikuwa hospitali, nimejifungua binti yangu wa kwanza na wa pekee. Mwikali alikuja kunitazama wodini, kanda yenyewe iko kwenye kiondo chake, akaniambia huku akicheka, "Usinune. Tutarekodi nyingine, na hiyo nitakuita wa kwanza."

Hatukurekodi nyingine. Malaria ilimchukua Mwikali kabla mtoto wangu hajakaa. Ikabaki kanda ile moja, na ndani yake kila mtu anaitwa isipokuwa mimi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuicheza. Halafu masikio ya mama yakaanza kufunga. Yalifunga polepole, kama duka linavyofungwa jioni, dirisha moja baada ya jingine. Kwanza hakusikia ndege, kisha hakusikia kuku, kisha ikabidi tumsemeshe kwa kupaaza. Siku moja akaniambia, "Nataka kumsikia mtoto wangu kabla sijawa jiwe." Nikatoa kanda, nikaiweka kwenye redio yetu kuukuu, spika yake imetoboka na imeshikiliwa kwa gundi ya viatu. Mama akaegemeza sikio. Akasikiliza, akasikiliza. Kisha akainua kichwa.

"Hawa ni nyuki," akasema. "Mwikali yuko wapi?"

Niambie wewe, ungefanya nini? Mimi sikulala. Nilizunguka uani usiku ule mpaka mbwa akachoka kunifuata. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, mama amsikie Mwikali mara moja, amsikie vizuri, kabla dirisha la mwisho halijafungwa. Mwalimu mmoja niliyekuwa nikimshonea suti akaniambia kwamba kanda haina kosa, kosa ni la spika, na kwamba Wote kuna mtu anauza spika za maana. Fedha nilikuwa nazo, za sare za kwaya nilizoshona mwaka mzima. Hiyo si habari yetu.

Wakati huo Makueni ilikuwa imefanywa wilaya juzi tu, na Wote ilikuwa inaota maduka kama uyoga baada ya mvua. Wenye maduka walitoka kila pembe. Huyu wa spika alitoka Murang'a, tulimwita Baba Wanjiru. Mnene, mchangamfu, maneno mengi. Mbele ya duka aliuza betri, balbu na redio ndogo za wachungaji. Nyuma, kwenye chumba kilichotengwa kwa pazia, ndiko alikoweka vitu vyake vya fahari. Mashine ya kaseti, amplifaya yenye taa ya kijani, na spika za kila aina zimepangwa juu ya rafu. Spika ndogo za mbao, zile za kuweka juu ya kabati kando ya sahani.

Nikamwambia sina siku nzima, aniuzie nzuri nirudi. Akacheka.

"Mama, hapa hatununui kwa macho. Umekuja na kanda yako?"

"Ninayo."

"Sawa sawa. Basi keti. Na usisongesonge."

Alikuwa na utaratibu wake. Chumba kile kilikuwa na kiti kimoja, na sakafuni ameweka alama kwa chaki kiti kikae wapi, kisizidi wala kisipungue. Mbele ya kiti, spika mbili, moja kushoto, moja kulia, zimegeuzwa kidogo zikuangalie. Na katikati ya spika hizo kulikuwa na stuli tupu, juu yake kuna mto wa sponji uliovishwa kitambaa chekundu. Nikataka kuweka kiondo changu juu yake. Aliruka kama nimemkanyaga.

"Hapana, mama! Hapo ni pa mwimbaji."

"Mwimbaji gani?"

"Wa kanda yako. Spika mbaya unaisikia hapo yenyewe iko. Spika mzuri huisikii kabisa. Unasikia tu mtu ameketi hapo kati. Mimi ninawekea watu stuli ndio wajue waangalie wapi."

Nikasema moyoni, huyu anajua kuuza. Nikaketi. Mimi kuketi bila kazi mikononi ni adhabu, miguu yangu inataka kukanyaga cherehani hata pasipo na cherehani. Akaweka jozi ya kwanza, nyeusi, kubwakubwa kidogo. Ilitoa besi kama mtu anapiga debe ndani ya shimo. Mwikali akawa dume. Nikamwambia atoe. Akaweka ya pili, ikatoa sauti ya bati, nyuki wa mama wakarudi, safari hii wamekasirika. Nikasimama. Akaniambia niketi. Nikaketi, nikasimama tena, nikachungulia nje ya pazia, nikarudi.

"Huna nyingine?"

Akajikuna shingo. "Ziko. Lakini hizo watu wanazisikiza, halafu hawachukui."

"Zimeharibika?"

"Hapana. Ziko sawa kabisa."

"Sasa kwa nini hawachukui?"

"Wanasema ziko karibu sana."

Mtu mwenye busara angeinua kiondo chake hapo. Lakini mimi nilisikia neno "karibu" nikamfikiria mama na sikio lake kwenye redio. Nikasema lete. Akazitoa chini ya rafu, mbao ya rangi ya asali, kitambaa cha mbele kimefifia. Akazifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akafunga waya, akarudisha kanda mwanzo.

Niamini. Kabla wimbo haujaanza, nilimsikia akivuta pumzi.

Sikuwa nimewahi kuisikia pumzi ile kwenye redio yetu. Ilikuwa pale pale mbele yangu, kwenye stuli, si kushoto wala kulia. Kisha akaimba, na neno la kwanza lenye "s" likatoka na kimluzi chake. Mwanya wa Mwikali! Nilikuwa nimeusahau. Unaelewa? Nilikuwa nimemzika dada yangu na kumlilia na kufua nguo zake na kuzigawa, na kumbe kile kimluzi nilikuwa nimekisahau. Machozi yakanitoka kwa fujo. Baba Wanjiru akawa mwungwana, akatazama ukuta. Halafu mteja akapiga kaunta huko mbele akitaka betri, naye akapita pazia, akaniacha.

Mwikali aliita Kalekye, Kalekye akaitikia. Aliita Muthama, akaitikia. Jambo moja nililigundua, lakini sikulitilia maanani wakati ule. Wale waliokuwa wakiitikia walisikika mbali, kama wako nje ya ukuta wa duka. Mwikali peke yake ndiye aliyekuwa ndani ya chumba. Akaita Nduku, Nduku akaitikia.

Kanda ile, tangu niitoe kwa ajili ya mama, nilikuwa nimeirudiarudia mpaka naijua kama kiganja changu. Baada ya Nduku kinafuata kiitikio, kwaya yote, na wimbo unakwisha. Hakikuja. Spika zilinyamaza kimya. Niliitazama mashine, magurudumu ya kanda yalikuwa yanazunguka kama kawaida. Nje mhubiri bado anapiga kelele, nilimsikia. Ndani, hakuna kitu.

Halafu ile stuli ikalia. Unajua vile stuli ya mbao hulia mtu akijiweka sawa? Ndivyo. Nikaona mto mwekundu umebonyea katikati.

Akavuta pumzi. Akaniita.

Hakuniita kwa jina la kanisani. Aliniita kwa lile jina la utotoni alilonipa mwenyewe, tukichimba maji kwenye mchanga wa mto, jina ambalo hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyelitumia. Sitalitaja hapa. Wala jina langu lingine sitalitaja, na ukifika mwisho hutaniuliza kwa nini.

Nikaitikia.

"Niko!"

Nilikwambia ushike yale mambo mawili. Mafunzo ya mama yalikuwako kichwani mwangu, nayajua tangu sijaota meno, lakini mazoezi ya kwaya yalikuwa mwilini, na mwili una haraka kuliko kichwa. Niliitikia kwa sauti yangu yote, kwa ufunguo wake, bila kuchelewa hata kidogo. Nilikuwa nimeshafunga mdomo nilipokumbuka kwamba nilipaswa kungoja aite tena.

Kiitikio kikaja, kwaya yote, wimbo ukaisha. Kitu cha baridi kilipanda kooni mwangu, kama maji ya mtungi ya alfajiri, ila maji hushuka na hiki kilipanda, kikatoka. Ule mto mwekundu ukainuka polepole, kama sponji inavyoinuka mtu akisimama. Nilibaki nimekishika kiti kwa mikono miwili.

Baba Wanjiru akarudi akitabasamu. "Aii, mama, kumbe unajua kuimba hivyo! Huyo mwenzako ni nani? Nilisikia watu wawili."

Nikafungua mdomo nimjibu. Ikatoka hii sauti unayoisikia leo.

Tabasamu likamtoka. Aliniangalia, akaiangalia stuli, akaweka kiganja chake juu ya mto. Akakiondoa haraka, akakipangusa kwenye suruali.

"Iko na joto," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Mama, si lazima uchukue hizi. Naweza kukutafutia zingine."

Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni. Jua, vumbi, watu, mama mmoja anauza maembe, mhubiri na Biblia yake. Ningeweza kwenda. Nilikuwa nimechukuliwa kitu, hilo nililijua kama unavyojua kwamba mfuko wako umekatwa, lakini bado sikujua ni kiasi gani. Nikatembea mpaka kwenye kona nikarudi, nikatembea tena nikarudi. Nyumbani kulikuwa na mwanamke aliyeambiwa kwamba leo atamsikia mtoto wake. Ningemwambia nini? Kwamba nimempata Mwikali nikamwacha Wote?

Nikarudi ndani. "Funga," nikamnong'oneza. Akazifunga kwa magunia na kamba. Stuli aliitoa nje uani siku hiyo hiyo. Niliona kwa macho yangu akiipiga shoka.

Kalamba stima ilikuwa haijatufikia, kwa hiyo tulifanya kama wengine wote, kaseti ya gari na betri ya gari. Jioni nilimketisha mama katikati, nikazigeuza spika kidogo zimwangalie. Kati yake na zile spika sikuweka kitu chochote. Niliweka kidole juu ya kitufe. Nilikuwa nimepanga nizime mara tu baada ya Nduku.

Mwikali akavuta pumzi.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kuvunjwa moyo. Akakiinua. Uso wake ukafunguka, sijui niseme vipi, ukafunguka tu. "Mwikali," akasema. "Bado anapiga mluzi!" Akacheka, akalia, akacheka tena. Nilifurahi, nakwambia ukweli, kwa muda ule nilifurahi mpaka nikasahau koo langu. Ndiyo sababu nilichelewa. Nduku akaitikia, nikataka kubonyeza, lakini mama alikuwa ameushika mkono wangu.

Mwikali akaniita. Na ndani ya kanda, kanda iliyorekodiwa nikiwa wodini na mtoto kifuani, sauti yangu ikaitikia, "Niko!" Safi, changa, haina hata mkwaruzo.

Wimbo ulipoisha mama aliuachia mkono wangu. Aligeuka akanitazama.

"Huyo ni wewe," akasema. "Na wewe hukuwako."

"Ndiyo, mwaitu," nikamjibu, maana ndivyo tulivyomwita mama, mimi na Mwikali. Hakusikia, lakini aliona midomo yangu, na nadhani aliona kwamba kilichotoka si sauti yangu.

"Alikuita mara ngapi?"

Nikainua kidole kimoja.

Mama akafumba macho. Nilingoja aombe, au anigombeze, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimevunjika koo. Badala yake akanishika kidevu, kama mtoto mdogo, akasema, "Angalau hukukosea sauti." Kisha akasema, "Rudisha nyuma. Nataka kuwasikia tena."

Kuwasikia. Sikia alivyosema. Hakusema kumsikia.

Nilikwenda hospitali, wakanimulika koo wakasema ni safi. Wachungaji waliniombea, wengine kwa sauti kubwa mno, wengine wakaniuliza maswali yaliyohusu mambo yao wenyewe, si koo langu. Kwaya nikaiacha. Lakini lililoniuma kuliko yote ni binti yangu. Sikuweza kumwimbia. Alikua akinisikia nikikwaruza, na siku moja, akiwa ameanza kusema vizuri, alikuwa amekaa miguuni pa bibi yake kanda ikiimba. Akaniuliza, "Huyo wa mwisho ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu anayejisifu, akaenda kucheza.

Mara nyingi nilitaka kuitupa ile kanda motoni. Lakini ungeichomaje, na mama kila jioni anasogeza kiti chake katikati na kupangusa miwani kana kwamba atasikia kwa macho? Hata masikio yake yalipofunga kabisa, hakuacha. Aliweka mkono mmoja juu ya spika hii na mwingine juu ya ile, akafuata wimbo kwa viganja. Nikawa namwashia, natoka nje, nazunguka uani. Nilikuwa siwezi kukaa ndani.

Jioni moja nikiwa uani, nikasikia mama anasema kwa sauti ya juu, ile sauti ya wasiosikia, "Niko!"

Nilikimbia. Alikuwa ameketi na viganja vyake juu ya mbao, anatabasamu. Mimi sikuwa nimesikia mtu akiita. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na masikio, si ndiyo? Mama hakuugua. Alikwenda usingizini siku chache baadaye, na watu walisema wamewaona wengi wakiwa wamelala mauti, lakini hawajaona uso uliotulia kama ule.

Baada ya mazishi niliicheza kanda mara moja. Moja tu. Mwikali aliwaita wote, wakaitikia. Aliniita mimi, nikaitikia. Kisha akaita, "Mwaitu!" na mama akaitikia, na sauti ya mama haikuwa ya kizee. Nilikaa pale nikiwa na furaha na hofu pamoja, nikingoja kiitikio.

Hakikuja. Badala yake Mwikali alivuta pumzi, kama anavyovuta kabla ya kuita mwingine.

Nilizima. Nilizima kwa nguvu mpaka kitufe kikavunjika. Sijui ni nani alitaka kumwita. Yaani najua. Mwikali hana ubaya, hakuwa na ubaya hata siku moja, anataka tu watu wake wote wawe katika safu. Ni sisi tusiopaswa kwenda bado. Waya za spika nilizikata kwa mkasi wa kazi. Kanda iko ndani ya kopo la biskuti, chini kabisa ya sanduku la vitambaa, kwa sababu siwezi kuichoma. Mama yumo. Dada yangu yumo. Nami nimo, sehemu yangu iliyo bora, na mtu hawezi kujichoma mwenyewe.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa na anaimba. Ana sauti ile niliyokuwa nayo. Nikimsikia akifua nguo na kuimba, mkono wangu unasimama kwenye cherehani. Ananiomba ile kanda ya shangazi yake, nami nakataa, ananuna, ananiona mchoyo. Na aone hivyo.

Wiki iliyopita nilikuwa hapa kibandani kwangu, natia lesi kwenye gauni la harusi. Akaja mbio kutoka shambani, mikono ina udongo, amesimama mlangoni anahema.

"Mama, umeniita?"

Sikumwita. Wewe mwenyewe unaisikia sauti yangu, haifiki hata pale kwa muuza nyanya, sembuse shambani. Sindano ilinidunga kidole na sikuhisi.

"Uliitikia?" nikamuuliza.

"La. Ulinifundisha nisiitikie mpaka niitwe tena." Akanitazama usoni. "Nilingoja, lakini hukuita tena. Ndio nikaja kukuuliza."

Nilimvuta nikamkumbatia na udongo wake wote, gauni la watu likachafuka, na sikujali. Kwa hiyo kama una watoto, nenda leo ukawafundishe. Usingoje wakue. Na siku ukienda dukani kununua spika, ukaketishwa katikati na ukasikia mtu wako amekaribia kuliko inavyofaa, lia ukitaka, maana utalia tu, lakini mdomo wako uufunge kwa mkono. Mimi sasa nikimtaka binti yangu simwiti kwa jina. Napiga meza mara tatu kwa mkasi.